Kipande cha Asubuhi

Bucha ile ilikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe haikuandikwa popote. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajapimiwa hata robo, mwenye duka alikata kipande kutoka kwenye paja lililoletwa alfajiri, akakitia chumvi, akakichoma kwenye jiko dogo la mkaa pale mlangoni, kisha akakaa kwenye kigoda na kukila mbele za watu. Alitafuna bila haraka, akameza, akafuta mdomo, ndipo akanyanyuka na kushika panga. Maana yake mtaa mzima uliijua: ninachowauzia nimekwisha kukila mwenyewe, na bado nipo.

Aliyeanzisha mtindo huo ni marehemu, mtu mpana na mcheshi, aliyeweza kumtania hata ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Aliuanzisha mwaka ambao bucha ya jirani iliuza nyama iliyolala, watu wakaharisha nyumba hadi nyumba. Tangu hapo wateja wake hawakuhama. Kwa miaka ishirini na miwili hakukosa kipande chake hata siku moja, tena pamoja na shahamu, maana alisema nyama bila shahamu ni sawa na kuoga bila sabuni. Alipofika miaka hamsini na mmoja, asubuhi moja ya kawaida kabisa, alimeza kipande chake, akanyanyuka, akakaa tena, na hakunyanyuka tena. Watu walisema ni kazi nyingi. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Hakuna aliyelitazama jiko.

Panga likashikwa na mjane wake. Walimwita Bi Kulabu, kwa sababu siku yake ya kwanza kazini alipanda kwenye kigoda akazisugua zile kulabu sita za kutundikia nyama mpaka zikang'aa. Wanaume waliokuja kumtazama mwanamke akishindwa kupasua mbavu walirudi makwao wamebeba mbavu zilizopasuliwa vizuri. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mmoja wao. Alikuja kumhurumia, akakosa pa kuanzia.

Miaka mitano Bi Kulabu akala kipande cha asubuhi kama mumewe alivyokila. Mwaka wa sita akaamka na kidole gumba cha mguu wa kushoto kimevimba na kuwa chekundu, shuka likikigusa tu anaona nyota. Alienda zahanati akichechemea. Daktari, mama mmoja mfupi asiyependa mizunguko, alimpima damu na presha, akaisoma karatasi mara mbili, akamwambia hiyo ni jongo, maradhi ambayo wengine huyaita gauti. Tena kidole ni mjumbe tu, alisema, kwani presha nayo iko juu na mafuta yamejaa kwenye damu. Alimuuliza anakula nini. Bi Kulabu akamweleza habari za kipande cha asubuhi, na cha mchana, na supu ya mifupa ya jioni. Daktari akaweka kalamu mezani.

"Dawa nitakupa, mama," alisema. "Lakini dawa yangu haiwezi kushindana na jiko lako."

Alimtajia maharage, dengu, choroko, mboga za majani, matunda, na maji mengi. Nyama ikae pembeni. Kisha akauliza, kwa upole kidogo, marehemu naye alikuwa anakula nini. Bi Kulabu alichukua dawa zake, akanyanyuka. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi siku zote, lakini siku hiyo aliitembea kwa saa nzima, kwa sababu ya kidole, na kwa sababu ya lile swali.

Alikuwa na hasira. Alilikasirikia jiko, akajikasirikia mwenyewe aliyekuwa akilipepea, akamkasirikia hata marehemu, ambaye kila alipowekewa mboga mezani alisema majani ni chakula cha wale waliotundikwa kwenye kulabu. Watu wote walicheka kila aliposema hivyo. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Kupika bila nyama kulimshinda mwanzoni, na hilo halikumshangaza mtu anayejua nyumba za wauza nyama. Jikoni mwake hakikuwahi kuchemka kitu kisicho na mfupa. Maharage yake ya kwanza yalikuwa magumu kama changarawe, mboga alizichemsha mpaka zikasalimu amri. Lakini mwanamke aliyejifunza kutenganisha paja na nyonga kwa ncha ya kisu hashindwi na dengu. Akajua kuloweka maharage tangu jioni. Akajua kukaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia kabla ya kutia nyanya, na kwamba uyoga ukikaushwa kidogo kikaangoni huacha harufu inayomfanya mtu ageuke. Baada ya miezi miwili, nyama ikiwa imebaki kile kipande cha asubuhi tu, tena kidogo kama ukucha, kidole kilitulia. Daktari alipopima tena, mama yule asiyependa mizunguko alitabasamu, jambo ambalo wauguzi walilizungumza wiki nzima.

Kama ingekuwa afya tu, labda Bi Kulabu angekula dengu zake kimya kimya na mambo yakaisha. Lakini kulikuwa na mswagaji wa ng'ombe, mzee mmoja.

Mswagaji huyo alileta ng'ombe machinjioni tangu enzi za marehemu, na siku moja Bi Kulabu alimlalamikia kwamba ng'ombe wake wamebaki ngozi na mifupa. Mzee akaudhika. Akamwambia apande lori, aende akaone wanakotoka. Bi Kulabu, ambaye hakuzoea kuambiwa kitu mara mbili, akapanda. Lori likawafikisha kwenye kilima cha malisho, naye akakikumbuka. Alikipita akiwa bibi harusi, nyasi zikifika magotini, na chini yake kulikuwa na chemchemi ambayo watu walisimama kunywa. Sasa kilikuwa kimechunwa. Kwato zimekikwangua mpaka udongo mwekundu, miti imekatwa ili malisho yaongezeke, na chemchemi imekuwa tope lenye nyayo. Mswagaji akasema zamani aliswaga ng'ombe siku mbili kuyafikia majani, siku hizi ni siku tisa. Kila mtu mjini anataka nyama kila siku, alisema, na kilima ni kilekile kimoja. Hakusema kwa kulaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Bi Kulabu, kwa sababu mmoja wa wanaowauzia hao watu wa kila siku alikuwa yeye.

Alirudi na uamuzi wake. Kulabu tatu zitabaki za nyama, tatu zitabeba vitunguu na vitunguu saumu. Nusu ya meza itakuwa ya nafaka na mboga, na pale mlangoni pataingia sufuria. Atawaambia wateja wenyewe: nyama mara moja moja inatosha, siku nyingine kula hivi. Alipanga kila kitu isipokuwa jambo moja tu. Hakujua afanyeje na kipande cha asubuhi.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenye bucha ile. Aliogopa kuiacha ahadi ya marehemu. Kwa hiyo akauweka mpango kando kwanza, akaendelea kuchoma kipande, kukaa kwenye kigoda na kutafuna mbele za watu. Kisha aliinama chini ya meza kana kwamba anatafuta kibweta cha chumvi, akatema kwenye kopo la maziwa. Wiki tatu alifanya hivyo. Wiki tatu mtu aliyeheshimika kwa sababu ya kula mbele za watu alikuwa anawadanganya mbele za macho yao, na kila alipoinama alijiona mdogo kuliko lile kopo.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini hii aliijua pia fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa amehamishia mashine yake dirishani apate mwanga. Aliona mara ya kwanza, akadhani ni jino. Aliona mara ya pili. Mara ya tatu akamnong'oneza mteja mmoja, akamsihi asimwambie mtu. Kabla ya adhana ya mchana habari ilikuwa imezunguka mtaa na kurudi ikiwa imenenepa: Bi Kulabu anatema nyama yake mwenyewe. Hakuna aliyewaza kidole wala presha. Wote waliwaza nyama iliyooza. Lisemwalo lipo, walisema, na kesho yake foleni iliyokuwa ikifika kwa fundi viatu ikawa watu wanne, na wanne hao wananusa kwanza.

Shemeji hakuchelewa. Aliitisha kikao cha familia sebuleni kwa mama mkwe, mama yao yeye na marehemu, bibi mwembamba aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha pembeni na bakora mapajani. Shemeji aliingia akichechemea, mguu mmoja na kiatu, mwingine na kandambili, akasema amekanyaga msumari. Bi Kulabu aliutazama ule mguu. Aliijua hatua ile, jinsi mtu anavyotua kisigino na kukihurumia kidole.

Shemeji akasema mengi. Akasema jina la nyumba limechafuka, kwamba bucha ni ya ukoo hata kama ufunguo uko shingoni mwa mtu mmoja, na kwamba mdogo wake huko aliko anajigeuza kaburini. Bi Kulabu akawaeleza yote, kidole, daktari, kilima, kopo, bila kujitetea. Alidhani ukweli ungepunguza joto. Uliongeza.

"Basi umejimaliza mwenyewe," shemeji alisema. "Muuza nyama asiyekula nyama ni nani? Tukuite nani? Jumamosi utakula kipande mbele za watu, umeze, watu wakuone koo likishuka. Huwezi, nipe ufunguo. Nitakila mimi kwa niaba ya nyumba hii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, shemeji."

Bi Kulabu akautazama tena mguu wenye kandambili.

"Guu naliona," alisema. "Jumamosi njooni wote."

Mama mkwe aliuliza jambo moja tu. Alitaka kujua kama daktari alisema mwanawe marehemu angepona kama angeacha nyama. Bi Kulabu akamwambia ukweli, kwamba alipomrudia daktari na kumweleza alivyokula marehemu, alisema hawezi kujua, ila angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Bibi akatikisa kichwa, akaendelea kuipapasa bakora yake.

Siku zilizobaki Bi Kulabu hakulala vizuri, na asidanganywe mtu kwamba mwenye msimamo haogopi. Ile bucha ndiyo iliyomsomesha binti yake, ndiyo iliyomfanya asiombe chumvi kwa mtu tangu awe mjane. Angeweza kumeza kipande kimoja. Kimoja hakiui, alijiambia Jumatano. Alhamisi akakumbuka kwamba marehemu naye kila siku alikula kimoja tu. Ijumaa akaloweka maharage, mengi, mpaka ndoo ikafika ukingoni.

Jumamosi mlango ulipofunguliwa barabara ilikuwa imejaa. Walikuja wateja wa zamani na wasiowahi kununua hata utumbo. Fundi cherehani alisimama nyuma kabisa akijifanya anasubiri mtu. Shemeji alikuwa mbele, amevaa kanzu nyeupe na viatu vyeusi vya ngozi, vyote viwili, vimefungwa kamba mpaka mwisho, na jasho likimtiririka ijapokuwa jua lilikuwa bado halijawaka. Mama mkwe alikuwa ameletewa kiti.

Ndani, watu waliona kulabu tatu zina nyama na tatu zina mafungu ya vitunguu. Mezani, upande wa kushoto, kulikuwa na paja na mbavu. Upande wa kulia, mabakuli ya dengu, choroko, karanga, uyoga, na mboga zenye umande. Minong'ono ikaanza. Mmoja akauliza kwa sauti kama siku hizi bucha inachinja vitunguu, watu wakacheka, na Bi Kulabu akacheka nao, kwa sababu kusema kweli ilichekesha.

Aliwasha jiko. Akakata kipande kutoka kwenye paja, pamoja na shahamu, akakitia chumvi, akakichoma mpaka harufu ikavuka barabara. Akakiweka kwenye sahani ya bati ya marehemu. Kisha hakukaa kwenye kigoda. Alilichukua lile kopo la maziwa chini ya meza, akaliinua watu walione.

"Wiki tatu nilikuwa natafuna mbele yenu na kutema humu," alisema. "Niliwadanganya, na hilo nawaomba radhi. Nyama haina kosa. Mwenye kosa ni mimi, niliyeogopa kuwaambia kwamba sili tena. Sili kwa sababu ya mwili wangu, na kwa sababu nimekiona kilima inakotoka. Anayetaka nyama nitampimia, nzuri kama zamani. Lakini sitaimeza ili niaminiwe. Anayetaka hakikisho, jiko hili hapa, achome mwenyewe, aonje mwenyewe."

Akamgeukia shemeji, akamnyoshea sahani.

"Ulisema utakula kwa niaba ya nyumba. Haya, karibu."

Shemeji hakulitarajia hilo, lakini mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya mtaa mzima hawezi kurudi nyuma. Alipokea sahani, akatia kipande mdomoni, akatafuna kwa mbwembwe akimgeukia huyu na yule. Akameza. Koo lilionekana likishuka. Baadhi ya watu wakapiga makofi, na yeye akafuta mdomo kwa kiganja vilevile kama mdogo wake alivyokuwa akifanya, mpaka Bi Kulabu akageuzia macho jiko. Halafu shemeji akanyosha mkono wa kulia, kiganja juu, kudai ufunguo.

"Vipi nyama?" Bi Kulabu aliuliza.

"Safi," shemeji alisema, kwa sauti ya ushindi.

"Haijaoza?"

"Nimekwambia safi."

"Mmesikia," Bi Kulabu aliwaambia watu. "Mlikuja kujua kama nyama yangu imeoza. Aliyekuja kunishtaki ameila na ameisifu. Sasa kesi ni ipi?"

Fundi viatu akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayeelewa polepole, na wengine wakafuata. Shemeji alibaki na mkono wake hewani. Bi Kulabu akauingiza ufunguo ndani ya gauni lake, akafunua sufuria, akajipakulia maharage na mboga, akakaa kwenye kigoda cha marehemu, akala. Alitafuna taratibu. Alimeza. Watu walimtazama kama walivyozoea kumtazama mumewe, ila hapakuwa na aliyesogea mezani. Wengine waliondoka wakitikisa vichwa, na miongoni mwao walikuwamo wateja wa miaka kumi. Aliwaona wote, mmoja mmoja, na iliuma. Akachota kijiko kingine.

Ndipo bakora ikagonga sakafu. Mama mkwe alikuwa amesimama. Alizipita zile hatua chache bila kushikwa mkono, akafika kwenye sufuria, akainamia mvuke.

"Nipakulie," alisema.

Bi Kulabu akampakulia. Bibi akaonja kijiko kimoja, akakaa nacho mdomoni muda, akameza, akasema yameiva. Kisha akaomba sahani nyingine. Aliibeba mwenyewe, mchuzi ukitikisika ukingoni, mpaka kwa mwanawe mkubwa, na kuiweka kwenye kile kiganja kilichokuwa kimenyoshwa kudai ufunguo.

"Nilizaa watoto wawili wa kiume," alisema. "Aliyekuwa anakula hapa mlangoni nimemzika. Hakuna msumari uliokuchoma wewe, mimi ni mama yako. Vua hicho kiatu, ukae, ule."

Shemeji aliangalia watu, akaangalia sahani. Polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, aliketi kwenye kizingiti cha bucha ya mdogo wake, sahani mapajani, na kuanza kufungua kamba za kiatu. Kilipotoka alifumba macho. Kidole kilikuwa chekundu, kimevimba mpaka ngozi inang'aa.

Hakuna aliyecheka. Bi Kulabu alinyanyuka, akazisukuma kando mbavu zilizokuwa njiani, na kumletea kijiko.